Rashidi aligeukaje kuwa Chidi?

Mjukuu wa Mikindani:
Ndugu zangu, salaam. Baba yangu mdogo analima korosho Tandahimba. Tangu utotoni anaitwa Chidi, na ndivyo karani alivyomwandika katika daftari la chama cha msingi. Msimu uliopita malipo yake yalikwama kwa wiki tatu kwa sababu akaunti ya benki imefunguliwa kwa jina la Rashidi, na mezani hakupatikana mtu wa kukubali kwamba Chidi na Rashidi ni mmoja, ilhali kijiji kizima kinalijua hilo. Katika kumsindikiza huku na huko nikaanza kujiuliza: katika Rashidi hakuna "ch", sasa hiyo ya Chidi imetoka wapi? Je, majina haya ya kukatisha yana kanuni, au kila nyumba hujikatia ipendavyo?

Mwalimu mstaafu, Masasi:
Kanuni ipo, ingawa hakuna aliyefundishwa darasani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunatamka ra-SHI-di, na mtu anayeita kwa mbali husikika zaidi kuanzia pale penye mkazo. Ukidondosha "Ra" unabaki na Shidi. Ndivyo Hadija alivyopata kuwa Dija, Abdula akawa Dula, na Fatuma, katika baadhi ya nyumba, akawa Tuma. Kuhusu "ch", sauti hiyo na "sh" hutamkwa karibu mahali pamoja mdomoni. Ulimi ukigusa juu kidogo tu, Shidi inakuwa Chidi, na watoto hufanya hivyo kila siku. Wapo wanaosema kwamba ni Kimakonde kilichoingia katika jina la Kiarabu, lakini mimi sikubaliani nao, kwa kuwa akina Chidi wamejaa Dar es Salaam pia.

Njia ya pili ni kubakiza mwanzo wa jina bila kujali mkazo: Ramadhani huwa Rama, Selemani huwa Sele, Ibrahimu huwa Ibra. Mohamedi peke yake ana ukaidi wake, maana hukatwa katikati, kichwa kikaunganishwa na mkia, tukapata Mudi. Utaona kwamba karibu yote huishia kwenye silabi mbili, na mkazo huhamia kwenye ile ya kwanza, jambo linalolifanya jina liwe jepesi kuitika. Majina ya Kikristo nayo yamepita humo humo. Huku kwetu, ambako Wabenediktini wamekuwa Ndanda tangu 1906, jina la Skolastika, dada yake Mtakatifu Benedikto, si geni, lakini mwenye jina hilo utamsikia akiitwa Skola. Hata Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alijulikana na wengi kama Ben, ingawa jina lake kamili ni Benjamin.

Bibi wa Nachingwea:
Wajukuu zangu, mwalimu ameeleza ya ulimi, nami niongeze ya uani. Mwanangu wa kwanza alipewa jina la baba mkwe wangu, Selemani. Ningewezaje kusimama jikoni na kupaza sauti, "Selemani, mjinga wewe, umemwaga unga!" na mzee mwenyewe ameketi barazani akinisikia? Jina la mkwe halitamkwi ovyo. Basi mtoto akawa Sele. Matusi yote akayabeba Sele, na heshima yote ikabaki kwa Selemani. Wifi zangu, ambao kwao yule mzee alikuwa baba mzazi, walimwita mtoto "Baba" moja kwa moja, naye akiwa na miaka minne akaitika kwa sauti nzito kama mtu mzima.

Msichanganye jambo hili na majina ya jandoni. Zamani mtoto akitoka kumbini alipewa jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni kulikuwa kumvunjia heshima. Jina lile lilitupwa. Hili la kukatisha halitupwi, kwa kuwa ni jina lile lile lililovuliwa kanzu.

Mjukuu wa Mikindani:
Shikamoo bibi, nawe mwalimu nakushukuru. Nilimuuliza baba mdogo juu ya hayo ya mkwe, akacheka, kisha akathibitisha kwamba Rashidi lilikuwa jina la babu yake mzaa baba.

Suala la malipo nalo limekwisha. Tulielekezwa kwa wakili ili baba mdogo ale kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, na bibi yangu aliyemzaa akaja kama shahidi. Wakili alimuuliza mwanawe anaitwa nani. Akajibu, "Chidi." Akaulizwa jina lake kamili. Bibi akavuta ushungi, akatazama sakafuni, akasema, "Chidi, jina la mkwe wangu." Mkwe huyo alifariki kabla sijazaliwa. Mwishowe baba mdogo ndiye aliyelitaja jina la Rashidi, na bibi akaitikia kwa kichwa.