Chesi ya siku moja Tanga: saa za mshale au za tarakimu? Nini hasa kimebadilisha mashindano?

KijanaNgamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu salaam. Tunaandaa mashindano ya chesi ya siku moja, wachezaji 24, ukumbi uko Ngamiani. Kamati imegawanyika. Wazee wanataka dakika 25 kila mtu kwa saa za mshale, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua; wanasema ndiyo chesi yenyewe, na kwamba mchezo umeharibiwa na kompyuta. Vijana wanataka saa za tarakimu. Tunazo za tarakimu 9 na za mshale 5. Naomba wanaojua watueleze kilichobadilisha mashindano ni nini hasa, na kipi kinatuhusu sisi. Raundi ziwe ngapi?

MwamuziChumbageni

Marahaba. Wazee hawajakosea kuhusu kompyuta, ila hilo ni nusu ya habari. Zamani mchezo mrefu ulikuwa saa 2 na nusu kila mmoja kwa hatua 40, na usipokwisha unaahirishwa. Mwenye zamu anaandika hatua yake kwa siri, inafungwa kwenye bahasha, mwamuzi anaitunza. Huku nyuma kila upande unakesha na wasaidizi wake kuchambua. Kompyuta zilipopata nguvu miaka ya 1990, bahasha ikakosa maana, maana anayechambua usiku angekuwa mashine. Ikabidi mchezo uishe kwa kikao kimoja.

Sasa kikao kimoja kwa saa ya mshale kina dhuluma ndani yake. Mtu yuko mbele kwa ngome nzima, amebakiwa na sekunde 20, mwenzake anazungusha tu mfalme akingoja bendera ianguke, ile alama ndogo ya saa ya mshale inayoonyesha muda umekwisha. Dawa yake ni nyongeza: kila ukicheza hatua, saa ya tarakimu inakuongezea sekunde kadhaa, jambo ambalo ya mshale haiwezi. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, aliomba hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1988, na ikatumika kwenye mechi yake na bingwa mwenzake wa zamani Spassky mwaka 1992. Kwa hiyo kompyuta iliua bahasha, na kufa kwa bahasha ndiko kulikoifanya nyongeza iwe ya lazima. Ni mnyororo mmoja, wazee na vijana wanabishania ncha zake mbili.

Kwenu: chezeni dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua tangu ya kwanza. Hatua 60 zinampa kila mmoja dakika 25, zile zile wanazotaka wazee. Mchezo wa hatua 100 unafika kama dakika 32 kila upande, yaani saa moja na dakika 4 ukiharibika kabisa. Raundi ipewe dakika 70. Anzeni saa 3:00 asubuhi, ya pili 4:10, ya tatu 5:20, mnamaliza 6:30 watu waende adhuhuri na kula. Ya nne saa 7:45, ya tano 8:55, mwisho saa 10:05, alasiri haijawapita.

Raundi 5 zinatosha kwa mfumo wa Uswisi, ambao kila raundi unawakutanisha wenye pointi zinazokaribiana bila kumtoa mtu: watu hadi 32 hawawezi kubaki na wawili walioshinda michezo yote. Kukutana wote kwa wote kungewataka raundi 23. Mkifungana kwa pointi, amueni kwa jumla ya pointi za wapinzani, na mlitangaze hilo asubuhi kabla ya raundi ya kwanza. Likitangazwa jioni linaleta ugomvi.

Kosa la kila mara ni saa kutegeshwa vibaya. Kabla ya kuanza, pita meza kwa meza, bonyeza pande zote mbili: kila ukibonyeza, sekunde 10 ziongezeke. Zisipoongezeka, saa iko kwenye dakika 15 kavu. Na mkono uliosogeza kete ndio huo huo unaobonyeza saa.

MwlRaskazone

Msisahau alama za Elo, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji; kwangu mimi ndizo zilizobadilisha mengi kuliko vyote. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ilizichukua mwaka 1970. Kabla yake mwaliko ulitegemea sifa na nani anakujua. Baada yake ukategemea namba. Mwanzoni orodha ilianzia 2200, mchezaji wa klabu hakuwepo kabisa. Kima kikashushwa kidogo kidogo hadi 1000, kisha Machi 2024 kikapandishwa hadi 1400.

Hesabu yake kwa mchezo mrefu ni hii: mwenye 1600 akikutana na 1800 anatarajiwa kupata pointi 0.24 (ushindi ni 1, sare ni nusu). Tofauti ya alichopata na alichotarajiwa huzidishwa kwa kigezo; kikiwa 20, akishinda anapata alama 15.2, akipoteza anakatwa 4.8. Ndiyo maana mkubwa anayecheza na mdogo anaogopa hata sare.

Mkitaka mashindano yenu yahesabiwe, yasajiliwe kupitia chama cha taifa kabla ya siku yenyewe. Dakika 15 na sekunde 10 zinaingia orodha ya chesi ya haraka, si ya mchezo mrefu. Asiye na alama hapati mpaka afikishe michezo 5 dhidi ya wenye alama.

DadaMakorora

Simu, kaka! Mwaka 1997 Deep Blue, mashine ya kujaza makabati, ilimfunga bingwa wa dunia Kasparov pointi 3.5 kwa 2.5. Leo programu ya kwenye simu ya mfukoni inamshinda bingwa yeyote wa dunia. Kila simu izimwe, iingie bahasha yenye jina la mwenyewe, ikae meza ya mwamuzi. Kwenda chooni ni kwa ruhusa, mmoja mmoja. Hata Ruslan Ponomariov, aliyekuwa bingwa wa dunia wa FIDE, alipoteza mchezo mwaka 2003 kwa simu yake kulia tu.

KijanaNgamiani

Nawashukuru sana, kamati nitaisomea yote. Meza ni 12 na saa za tarakimu ni 9; zikikosekana zile 3 zilizopungua, tutumie simu kama saa?

MwamuziChumbageni

Hapana, mtakuwa mmezirudisha simu mezani. Azimeni saa kwa wengine. Mkikosa kabisa, meza 3 za mwisho zipewe saa za mshale, dakika 25 kila upande: tegesheni mishale isomeke 5:35, bendera itaanguka kwenye 6:00. Zijaribuni zote 5 jana yake kwa dakika 25 kamili na mchague zile 3 zilizo sahihi, kwani bendera nyingine huwahi. Mwamuzi asimame hapo dakika za mwisho. Mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika 2 anaweza kuomba sare ikiwa mpinzani hajaribu kushinda kwa mchezo wenyewe, anangoja bendera tu. Hilo nalo litangazwe asubuhi.