Alama za mwalimu zihesabiwe mtihani wa darasa la saba?

Mwalimu, Mbagala: Wakuu, juzi niliuliza darasa la sita kwa nini wengi wamechagua B swali la 14. Mmoja akajibu bila aibu: "Mwalimu, B ilikuwa haijatoka siku nyingi." Na huyo huwa namwekea vema kila jaribio!

Sasa dakika kumi kabla ya kengele kila mtoto anachana kipande cha karatasi, anakokotoa swali moja, anaonyesha njia. Wako 108. Ofisini sisahihishi, nagawa tu mafungu matatu: aliyeelewa, aliyekosea njia, ambaye hakugusa. Robo saa nimemaliza. Wiki iliyopita fungu la kati lilijaa: 1/2 kujumlisha 1/3 wanaandika 2/5. Kesho yake nilijua pa kuanzia. Na wapo ambao karatasi inawashinda, ila ukiwasimamisha ubaoni wanaeleza hadi wenzao wanaelewa.

Azimio la Musoma la chama cha TANU la 1974 lilishataka tusitegemee mtihani wa mwisho peke yake. Mbona kwenye matokeo ya darasa la saba upimaji wangu huu hauna uzito?

Mzazi, Kivule: Vipande safi, mwalimu. Alama hapana. Enzi zetu, Stadi za Kazi, tuliambiwa tulete ufagio wa chelewa. Wangu mama aliununua Tandika, nikapata 18 kati ya 20. Rafiki yangu alifunga wake mwenyewe, ukapinda, akapewa 11. Mpaka leo nikimwona naona haya.

Mwalimu wa sekondari, Temeke: Huku kwetu alama za upimaji endelevu, yaani kazi na majaribio anayosahihisha mwalimu mwenyewe, zinaingia kwenye matokeo ya kidato cha nne, na tunajua zinavyopikwa. Niliwahi kurudishiwa orodha na mkubwa wangu: "Zipandishe kidogo, wenzetu watatupita." Nikazipandisha. Mtihani wa Baraza la Mitihani una ubaya wake, lakini msahihishaji haoni mtoto wa nani. Wa Chanika na wa Masaki wote ni namba.

Bibi, Tandale: Mimi mjukuu wangu ana mtihani kila Ijumaa, na kila Ijumaa hela ya karatasi. Mnataka kuongeza na mwingine?

Mwalimu, Mbagala: Shikamoo bibi. Hapana, changu ni kipande cha daftari, hakina hela.

Wa Temeke umenibana. Nikifikiri vizuri, watoto wangu wananionyesha makosa yao kwa sababu hakuna anayewahesabia. Siku nikiweka alama, watanakili kwa jirani, nami nitaanza kupika. Basi uzito naufuta.

Ila afisa uthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akija anataka daftari la alama, na mafungu yangu matatu hayamo. Nimwonyeshe mfuko uliojaa karatasi?

Mwalimu wa sekondari, Temeke: Mwonyeshe. Mwambie achambue mwenyewe, umpe robo saa.