Kusafisha injini ya gari nyumbani bila kuharibu umeme wake

Mama wa Ihumwa:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Ihumwa, hapa Dodoma, na gari langu ni Toyota IST ya petroli. Tangu mvua zilipokatika, barabara ya kufika kwangu imekuwa vumbi tupu, na nikifungua boneti naona vumbi jekundu limeshikamana na oili juu ya injini hadi limekuwa kama udongo wa kufinyangia. Ningependa kuisafisha mwenyewe, lakini nina hofu, kwa sababu jirani yangu alipeleka gari lake likaoshwe injini kwa mashine ya presha, likarudi likimisi, yaani injini ikikatakata, na taa ya injini ikiwaka. Je, kuna njia salama kwa mtu asiye fundi, tena isiyohitaji maji mengi, maana huku kwetu maji ni ya mgao?

Fundi wa Chang'ombe:
Mama, hofu yako ina msingi. Katika injini kama hiyo, kila silinda ina koili yake, kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche, iliyokaa juu ya plagi, ndani ya tundu lenye kina. Maji yakisukumwa kwa presha hupenya kwenye mpira wa koili na kutuama humo, umeme ukavujia pembeni badala ya kufika kwenye plagi, na injini ikaanza kumisi. Mashine hiyo usiisogeze kabisa karibu na injini.

Fanya kazi asubuhi, injini ikiwa imepoa, kwa kuwa maji baridi yakimwagikia ekzosi yenye moto yanaweza kuipasua, na wewe mwenyewe unaweza kuungua. Toa kwanza waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Kisha funika kwa nailoni altaneta (kifaa kinachochaji betri), sanduku la fyuzi, koili na mdomo wa kuvutia hewa.

Baada ya hapo usikimbilie maji. Kwa vumbi letu, sehemu kubwa ya kazi hufanyika pakavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi, kwa sababu vumbi likiloweshwa kabla ya kufagiwa hugeuka tope na kuingia kwenye soketi za nyaya na kwenye mapezi ya rejeta. Palipo na oili, paka maji ya sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani kabla hayajakauka, halafu futa kwa tambara lililokamuliwa. Ndoo moja inatosha.

Mkulima wa Kongwa:
Mimi huwa nasugua kwa mafuta ya taa, na oili inatoka upesi kuliko kwa sabuni yoyote.

Fundi wa Chang'ombe:
Inatoka kweli, kaka, lakini mafuta hayo huvimbisha mipira, hufanya mkanda uteleze, na yakibaki karibu na ekzosi yanaweza kushika moto. Petroli ni hatari zaidi, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche moja tu ya betri. Nakuomba sana uache.

Dereva wa Nkuhungu:
Niongeze kwa wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na mota ya umeme: nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa unaoweza kuua, na kutoa waya wa betri ndogo si ruhusa ya kuzigusa. Kazi hiyo mwachieni fundi anayezijua.

Mama wa Ihumwa:
Nashukuru sana. Nimefanya hivyo leo asubuhi, nikaacha boneti wazi juani hadi saa nane, nikaondoa nailoni zote kabla ya kurudisha waya wa betri, na gari limewaka bila kumisi. Ila sasa naona oili mbichi ikichuruzika ukingoni mwa kava la juu la injini, mahali palepale vumbi lilipokuwa limeganda zaidi.

Fundi wa Chang'ombe:
Hapo ndipo vumbi lilipokuwa linanasia, mama. Pima oili kwa kijiti chake leo, na uongeze ikiwa imepungua. Futa ukingo huo uwe mkavu, tembelea gari siku tatu, kisha ufungue boneti tena. Oili ikiwa imerudi, gasketi ya kava, yaani mpira unaoziba ukingo wake, imechoka na inahitaji kubadilishwa.