Uzi wa maikrowevu nyumbani: tupeane uzoefu, nini kinaharibika na nini kinaunguza

Kabati la Vyombo
Wakuu, heshima kwenu. Maikrowevu zimejaa mitaani, mpya na za mtumba, lakini kile kijitabu chake kinaishia kwenye boksi. Naanza na vyombo.

Sahani ya melamini usiiweke. Yenyewe inanyonya mawimbi, inapata moto kuliko wali uliomo, mwisho inapasuka au inaachia kemikali kwenye chakula. Ndoo ya aisikrimu na kopo la siagi vimetengenezwa kwa ajili ya baridi, humo vinalegea. Plastiki igeuze chini: namba 5 yenye alama ya mawimbi inafaa kupashia, namba 6 hapana. Kikombe chenye ukingo wa dhahabu kinatoa cheche kwa sababu ule ukingo ni madini.

Huna uhakika na chombo? Weka ndani kikombe cha maji, na hicho chombo kikiwa kitupu pembeni yake, washa dakika 1. Maji yakipata moto na chombo kikabaki cha baridi, kinafaa. Chombo chenyewe kikipata moto, kirudishe kabatini.

Mama Wali
Hapo kwenye melamini umegonga penyewe. Igonge kwa kucha: melamini sauti yake butu, kauri inalia.

Fundi Baridi
Cheche nyingi wala hazitoki kwenye chombo. Tazama ukuta wa ndani upande wa kulia, kuna kipande kama karatasi ya kahawia au kijivu. Hiyo ni mika, inakinga njia ya mawimbi yanayotoka kwenye magnetroni, kile kifaa kinachoyazalisha. Mafuta ya nyama yakirukia pale yanaungua na kuwa mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Chomoa plagi, futa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kausha. Ikishatoboka, nunua karatasi ya mika ukate kwa mkasi kufuata ile ya zamani. Kadibodi badala yake ni kuwasha moto.

Pia isiwashwe tupu. Mawimbi yakikosa cha kuyanyonya yanairudia magnetroni. Kwenye nyumba yenye watoto wanaobonyeza vitufe, acha kikombe cha maji humo.

Binti Likoni
Mwasahau maji, na hayo ndiyo yaunguzayo watu vibaya. Huwa hivi. Mtu ataka kahawa ya haraka. Kikombe cha glasi, kipya, laini, maji safi, dakika 4. Maji yapita nyuzi 100 bila kutoa povu hata moja, kwa kuwa povu lataka pa kuanzia, mkwaruzo au chembe, na glasi laini haina. Atoa kikombe, maji yametulia kama ya mtungini. Atia kijiko cha kahawa. Zile punje ndizo mapovu yalizokuwa yakizingoja: maji yachemka yote kwa mpigo mmoja na kuruka, na uso wa mtu uko papo hapo juu ya kikombe. Mkono, kidevu, macho.

Tia kijiti cha mbao kabla ya kuwasha, usipitishe dakika 2 kwa kikombe kimoja, usirudie maji yaliyokwisha kuchemka. Ikizima, ngoja nusu dakika ndipo ushike.

Mzee wa Soketi
Dada, sikubali. Maji yanachemka kwa 100, tumefundishwa shule ya msingi.

Binti Likoni
Kaka yangu, ni 100 pale povu linapopata pa kuzaliwa. Sufuria ina mikwaruzo na moto watoka chini. Kikombe laini ni habari nyingine.

Mama Wali
Yuko sahihi kabisa. Na yai ni ndugu yake: hata lililochemshwa na kumenywa, ukilipasha zima, mvuke unabanwa ndani na linapasuka likiguswa na uma, au mdomoni. Likate vipande. Soseji, kiazi na nyanya vitoboe kwanza.

Mzee wa Soketi
Sawa, nimeelewa. Na mionzi je? Kansa inazungumzwa sana.

Fundi Baridi
Mkuu, ni mawimbi ya megahezi 2,450, yanatikisa hasa maji ya chakula, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Ukizima yameisha, kama taa. Cha kuogopa ni mlango uliopinda, bawaba iliyolegea au ndoano iliyovunjika. Hiyo usiinunue hata kwa bei ya bure. Na kuweka simu ndani halafu kuipigia ili kujua kama mawimbi yanavuja si kipimo cha chochote.

Mama Wali
Turudi kwenye kiporo. Wali uliolala mezani usiku kucha hauokolewi na maikrowevu, kuna bakteria wanaoacha sumu isiyokufa kwa moto. Uingie friji ndani ya saa 2. Ukiupasha, utandaze na kuacha tundu katikati, nyunyiza maji vijiko 2, funika ukiacha upenyo. Dakika 2, koroga, dakika 1 tena, uache utulie dakika 2. Katikati pafike nyuzi 74. Maziwa ya mtoto msipashe humo: chupa vuguvugu, ndani kuna sehemu zinazounguza.

Mzee wa Soketi
Na umeme. Ile iliyoandikwa wati 800 inavuta kama 1,200 ukutani, ipe soketi yake ya ampia 13. Ekstensheni nyembamba yenye friji na birika inayeyuka. LUKU isiwatishe, dakika 5 ni kama yuniti 0.1. Na kile kitambaa cha kufuma mnachotandika juu kitoeni, kinaziba matundu ya hewa.

Mgeni Jikoni
Yangu inavuma lakini haipashi. Naweza kuifungua mwenyewe nikishachomoa?

Fundi Baridi
Usifungue! Kapasita yake, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme, inafanya kazi kwenye volti zaidi ya 2,000, na chaji inaweza kubaki hata plagi ikiwa nje. Inaua. Mpelekee fundi anayejua kuitoa chaji kwanza.

Mgeni Jikoni
Asante mkuu, naiacha. Na ikiwaka moto ndani?

Mzee wa Soketi
Mlango usiuguse. Zima ukutani, moto ukose hewa, usubiri hadi moshi uishe.