Nachoka kutwa nzima, naomba njia ya asili ya kuongeza nguvu mwilini

Mpambanaji31: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 31, nipo Dar. Kila ikifika saa nne asubuhi mwili unakuwa mzito kama gunia la mkaa, na saa tisa mchana macho yanajifunga nikiwa kaunta. Kula nakula, kulala nalala. Sitaki dawa za hospitali, nataka vya asili tu. Nasikia mlonge unasaidia. Kwa siku vijiko vingapi?

Kijiba: Nguvu za mchana au za usiku, mkuu? Taja mapema tusikupe dozi ya mwingine.

Bibi Mapishi: Mwanangu, anza na cha asubuhi. Chai ya sukari na maandazi ni wanga mtupu, unasagika upesi, saa nne njaa na usingizi vinabisha hodi pamoja. Weka mayai mawili ya kuchemsha au bakuli la maharage, na chungwa juu yake. Chai ya rangi iache mpaka ipite saa moja baada ya kula, maana tanini zake hushika madini ya chuma ya maharage na mchicha yasiingie mwilini. Limau kwenye mboga hufanya kinyume chake, huyasaidia kuingia.

Mzee Kijiweni: Vijana mnataka nguvu za kwenye chupa. Zimeni simu mlale.

Tabibu wa Zamu: Mlonge baadaye. Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na usiku unakunywa nini? Jibu kwa namba.

Mpambanaji31: Nalala saa saba usiku, naamka saa kumi na moja na nusu. Nikitoka kazini naendesha bajaji ya mkataba. Enaji nakunywa nne tu, ya mwisho saa tatu usiku nisisinzie barabarani. Hiyo haina shida, mwili umeshazoea, nikilala nalala fofofo. Mlonge nimeshanunua kilo mbili, naomba kipimo tu.

Tabibu wa Zamu: "Nne tu!" Chupa ya mililita 300 mara nyingi ina miligramu 90 hivi za kafeini. Zidisha kwa nne: unakaribia 400, ambayo ndiyo kikomo cha siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kafeini hupungua nusu kwa saa tano hivi, kwa hiyo ile ya saa tatu usiku, nusu yake bado ipo saa nane. Unalala, ila usingizi mzito unakuwa mfupi. Na huo wenyewe ni saa nne na nusu, wakati mtu mzima anahitaji saba au zaidi.

Ondoa ya usiku kwanza. Kisha punguza moja kila baada ya siku tatu. Ukiacha zote kwa mkupuo kichwa kitauma ndani ya siku moja. Ukisinzia, paki bajaji ulale dakika 20. Zikipita 30 utaamka mzito zaidi. Ukimaliza wiki tatu hujabadilika, kapime damu na sukari. Himoglobini chini ya 13 kwa mwanamume ni upungufu wa damu, na minyoo ya safura huweza kuuleta.

Mpambanaji31: Nikiacha ya usiku hesabu ya bosi nitaipataje? Na mlonge hamjanijibu.

Bibi Mapishi: Kijiko cha chai cha unga wa mlonge hakifikishi hata gramu moja ya protini. Yai moja lina sita. Tia kwenye uji ukipenda, lakini usiutegemee.

Mnusaji: Wadau, hii ni chai. Post ya kwanza "kulala nalala", ya pili saa nne na nusu. Na mgonjwa gani ananunua kilo mbili za kitu cha kijiko kabla hajajua kipimo? Subirini, atatokea "mteja" kumshukuru.

Kijiba: Chai yenyewe ya rangi. Bibi kasema tusubiri saa moja.

Mpambanaji31: Mnusaji, mimi siuzi mlonge. Enaji ya usiku naanza kuiacha Jumatatu. Ila hizo kilo mbili sasa sina kazi nazo, hazijafunguliwa. Anayezihitaji aje inboksi, bei tutaelewana.