Maji ya bomba kwa samaki wa tangini: kulaza kunatosha?

Tabata_Kimanga
Habari za jioni wadau. Nina tangi la lita 80 sebuleni, samaki wa dhahabu wanne, bado wadogo. Kwetu maji hutoka kwa mgao, tunakinga kwenye madumu na simtank. Kuna siku yananuka dawa hadi chai inabadilika ladha, kuna siku hayana harufu kabisa. Muuza samaki anasema niyalaze usiku mmoja tu. Jirani anasema ninunue matone ya kuondoa klorini, na bei ya kile kichupa inauma. Nimfuate nani? Na maji ya kisima je?

Mzee_wa_Matangi
Karibu ndugu yangu. Kulaza kunatosha iwapo klorini ina pa kutokea. Ile ni gesi, hutokea juu ya uso wa maji, sasa ukiyalaza ndani ya dumu lililofungwa, asubuhi utaikuta bado imo. Mimi namimina kwenye beseni pana, natumbukiza jiwe la pampu ya hewa, naacha hadi kesho yake. Kama huna pampu, yape saa 24 au zaidi na uyakoroge kila unapopita. Kuchemsha nako kunaitoa, ila kwa bei ya mkaa ya sasa, hapana.

Usitegemee pua. Klorini kidogo usiyoisikia wewe inamchoma samaki matamvua, utamwona anapanda juu anatweta. Wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea wana kipimo cha matone: maji yakigeuka njano, subiri kwanza. Na kama kuna mtu hapo nyumbani anatia WaterGuard kwenye ndoo ya kunywa, ndoo hiyo isisogee karibu na tangi, maana ni klorini ileile.

Sasa nisikilize hapa. Usibadilishe maji yote kwa mpigo. Toa robo kila wiki. Sponji ya filta ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe usiipeleke bombani. Humo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Klorini imewekwa kuua bakteria, na hawa haiwaachi. Wakifa, amonia inapanda na samaki wanakufa ndani ya maji yanayong'aa. Inaniuma kila nikiliona tangi la namna hiyo, kwa sababu mwenyewe alilisugua kwa mapenzi.

Dada_Kemia
Shikamoo Mzee. Naongezea kuhusu matone. Mengi ni sodiamu thiosalfeti iliyoyeyushwa. Maduka ya kemikali za maabara huuza chengachenga zake, na kwa kila gramu 1 ya klorini unahitaji kama gramu 7. Lita 100 zenye klorini miligramu 2 kwa lita zinataka gramu 1.4 tu, kwa hiyo mfuko mdogo unakaa sana. Inafanya kazi papo hapo, inafaa siku ambayo huna muda wa kulaza.

Wadau mlioko Marekani, kulaza msikutegemee. Miji mingi huko inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo haitoki kirahisi. Thiosalfeti inaivunja lakini inabakiza amonia, hivyo tafuteni dawa inayoishughulikia na amonia pia.

Tabata_Kimanga
Asanteni sana. Beseni ninalo, pampu nitanunua mwisho wa mwezi. Mzee, kisima chenyewe kina chumvichumvi.

Mzee_wa_Matangi
Marahaba Dada, umeeleza vizuri. Ndugu wa Tabata, maji ya chumvi kidogo wangeyavumilia samaki wadogo aina ya gapi, hao wa dhahabu usiwatese. Hata kisima cha maji yasiyo na chumvi, yapulizie hewa saa kadhaa kwanza, maana yakitoka chini mara nyingi oksijeni huwa haba. Halafu anza kutafuta tangi kubwa mapema. Wanne hao wakikua, lita 80 haziwatoshi, na maji yatachafuka upesi hata uyatibu vipi.