Mjadala: Ng'ambo ya Ruvuma wanauana kwa ajili ya dini au madaraka?

Wakuu, tangu kijiji cha Kitaya kishambuliwe Oktoba 2020 na watu wenye silaha waliovuka mto Ruvuma kutoka mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, vijiweni hapa Mtwara kuna kambi mbili. Moja inasema wale wanachinja watu kwa ajili ya dini, mengine yote ni visingizio. Nyingine inasema dini haihusiki hata kidogo, ni gesi, vito vya rubi na wakubwa wanaogombea madaraka. Mimi niko na kambi ya pili tukizungumzia chanzo. Ila wanaposema "hata kidogo" wanawaacha peke yao watu wanaokufa kwa sababu ya dini yao. Nipeni nafasi nieleze, kisha mnipinge kwa hoja.

Tuanze nyumbani. Mei 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa, ofisi za serikali na za chama tawala zikachomwa, wanajeshi wakaletwa mitaani. Kumbukeni nchi ilivyokuwa siku zile: Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala, Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi Zanzibar, na Mei hiyohiyo bomu likalipuka kanisani Olasiti, Arusha. Kama umaskini na hasira za waumini vingetosha kuleta vita vya dini, sisi tungetangulia. Mkoa una Waislamu wengi, vijana hawana kazi, na kila mtu aliamini ameporwa. Lakini ugomvi ulibaki kati ya wananchi na serikali. Mwislamu na Mkristo walisimama upande mmoja, wakidai gesi isiondoke.

Sasa vuka mto. Cabo Delgado nao wana gesi, nyingi kuliko yetu, iliyogunduliwa 2010. Wana rubi kule Montepuez, ambako mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa maelfu, Watanzania wakiwemo. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo vituo vya polisi vya mji wa Mocímboa da Praia vikavamiwa na kundi la vijana wenye silaha, vita vikaanza. Mpaka hapo unaweza kusema ni ugomvi wa mali.

Kilichowatofautisha na sisi ni kwamba kwao siasa na dini zilikuwa zimeshagawana watu kabla ya risasi ya kwanza. Wamakonde wa Mueda, wengi wao Wakatoliki, ndio waliobeba mzigo mkubwa wa vita vya ukombozi vya FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno. Baada ya uhuru vyeo vilikwenda kwao, pensheni za wapiganaji wa zamani zikaenda kwao, na 2015 Filipe Nyusi, mzaliwa wa Mueda, akawa Rais. Wamwani wa pwani, Waislamu, walibaki na uvuvi na manung'uniko. Kijana wa Kimwani akiingia ofisi ya serikali akamkuta Mmakonde Mkristo, ataanzaje kuitenganisha dini ya yule bwana na cheo chake?

Na hapa ndipo swali la nani mchache linapokuwa gumu. Kwa Msumbiji nzima Waislamu ni wachache, lakini Cabo Delgado ni wengi. Mmwani anajiona mchache anayeonewa na nchi. Mkristo anayeishi kijiji cha pwani ni mchache mbele ya majirani zake, na kosa lake ni kufanana na watawala, hata kama hana senti wala cheo.

Wanaosema ni chuki ya asili baina ya dini hizi mbili watuangalie sisi. Mmakonde wa Newala kwa kawaida ni Mwislamu, wa Mueda ni Mkatoliki, na unaweza kukuta mjomba wao ni mmoja. Hapa kwetu mtu anaitwa Hamisi Yohana na hakuna anayeshangaa.

Kambi yangu sasa inisikilize. Mwaka 2022 wale wapiganaji walitoa ujumbe ulioandikwa kwa mkono: Wakristo wasilimu, walipe jizya (kodi wanayotozwa wasio Waislamu), au wapigwe vita. Septemba 2023, katika kijiji cha Naquitengue, waliwatenga Wakristo na Waislamu kwa kuangalia majina, wakawaua Wakristo. Hebu fikirini Hamisi Yohana angewajibu nini. Aliyeuawa pale hakuwa na hisa kwenye gesi. Kumwambia mjane wake kwamba dini haihusiki ni kumnyima hata haki ya kusema mumewe alikufa kwa nini.

Tena waliotangulia kuonja shari ya kundi hili ni Waislamu wenyewe. Kabla ya 2017 vijana wale waliingia misikitini na viatu, wakiwa na silaha, wakiwaambia masheikh kwamba wamepotoka. Viongozi wa Kiislamu waliitahadharisha serikali, lakini kundi likaendelea kukua. Masheikh waliona hatari mapema kwa sababu waliielewa kama jambo la imani.

Historia ya Lindi nayo ina la kusema. Kwenye Maji Maji ya 1905 misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa akiwa safarini upande wa Liwale. Ukitazama haraka utasema vita dhidi ya kanisa, lakini watu waliiona misheni kama mkono wa Mjerumani. Miaka 3 baadaye, 1908, ikaenea Lindi ile Barua ya Makka, ikiwataka Waislamu watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Wajerumani walishikwa na hofu kubwa ya maasi, lakini vita havikuja. Maneno makali ya dini yalikuwepo, ila hapakuwa na jeshi la kuyabeba.

Ninachoogopa ni jinsi jibu letu litakavyotumika mpakani. Tukisema ni dini tu, kijana yeyote wa Nanyamba mwenye ndevu na kanzu atageuka mshukiwa. Tukisema ni gesi tu, nani atamsikiliza sheikh akija kusema kuna wageni wanaofundisha vitu vya ajabu msikitini kwake?

Kambi ya kwanza, nielezeni 2013. Kambi ya pili, nielezeni Naquitengue. Na kama yupo mtu wa Kitaya au Tandahimba mwenye ndugu ng'ambo, aanze yeye.